UZI: Presha ya mimba huanza wiki nyingi kabla kichwa hakijauma. Tuelezane kazi ya vimeng'enya kwenye mishipa ya damu

Mkunga_wa_Ziwa

Habari zenu wadau. Mimi ni mkunga upande huu wa Kisumu, na jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Tunampokea mama wa miezi saba, presha 160 kwa 110, macho yanaona vimulimuli, na ukimuuliza anadhani chanzo ni nini anakwambia mawazo, chumvi, ugomvi na mume, au chira, ile laana ya kuvunja mila. Wengine wanafika wakiwa wameshashikwa na kifafa cha mimba, baada ya kuzungushwa kwa maombi na kwa waganga usiku kucha. Simlaumu mtu. Mwili wa mtu ukikakamaa mbele yako unatafuta maelezo, na kama hakuna aliyekueleza mapema, unashika yaliyo karibu. Ndiyo maana naandika. Ukielewa kinachoendelea ndani ya mishipa, utajua kwa nini tunakusihi uje kliniki kabla ya wiki ya 12, tumbo hata halijaonekana.

Nianze na mimba inayokwenda salama. Damu ya mjamzito huongezeka karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo wake husukuma damu asilimia 30 hadi 50 zaidi. Kwa hesabu hiyo ungesema presha itapanda. Lakini mpime katikati ya mimba, utakuta imeshuka chini ya ilivyokuwa kabla hajashika mimba. Imeshuka kwa sababu mishipa yake imelegea mwili mzima, na sehemu kubwa ya kulegea huko ni kazi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili.

Kimoja kinaitwa eNOS. Kinakaa kwenye utando wa ndani kabisa wa mshipa, pale damu inapopita ikiusugua. Kinachukua arginini, ambayo tunaipata kwenye vyakula vya protini, pamoja na oksijeni, kisha kinatoa gesi inayoitwa naitriki oksaidi. Gesi hiyo inapenya hadi kwenye misuli inayouzunguka mshipa, misuli inaachia, mshipa unapanuka. Inadumu sekunde chache tu, kwa hiyo lazima itengenezwe mfululizo mchana na usiku. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi ya gesi hii mwilini. Katika mimba, homoni ya estrojeni na ule wingi wa damu inayopita vinaisukuma eNOS kufanya kazi zaidi.

Kingine ni saiklooksijenasi, kwa kifupi COX. Hiki kinaanzisha kemikali mbili zinazovutana. Prostasaiklini hutoka zaidi kwenye utando wa mshipa, nayo hupanua. Thromboksani hutoka kwenye chembe sahani za damu, nayo hubana mshipa na kufanya damu igande. Mimba ikiwa salama, prostasaiklini ndiyo yenye nguvu. Shikeni hapo, maana tukifika kwenye aspirini mtakihitaji.

Halafu kuna ACE, kinachotengeneza angiotensini ya pili, kemikali kali ya kubana mishipa. Mjamzito anayo angiotensini nyingi kuliko mtu asiye na mimba, lakini mishipa yake haishtuki. Mwaka 1973 Norman Gant na wenzake huko Dallas, Marekani, waliwapa wajawazito wa mimba ya kwanza angiotensini kidogo kidogo kwa dripu wakiwapima presha. Wale ambao baadaye walipata presha ya mimba walikuwa wameanza kuupoteza huo uvumilivu wiki nyingi kabla ya mashine kuonyesha chochote. Kwa macho walikuwa wazima kabisa.

Maswali yaje. Nitajibu nikitoka zamu.

Nyar_Ahero

Sista, asante sana kwa uzi huu. Dada yangu alipitia haya mwaka uliopita. Kituo kimoja alichokuwa akihudhuria walikuwa wanampima presha tu, mkojo hawapimi kwa sababu vijiti vimekwisha, mwezi baada ya mwezi. Mama mkwe wake akashikilia ni chira kwa kuwa walijenga kabla ya kaka mkubwa. Mtoto alizaliwa wiki ya 31, namshukuru Mungu yuko hai. Sasa niambie, kama mwili unajua kulegeza mishipa namna hiyo, kwa wengine huharibikia wapi?

Mkunga_wa_Ziwa

Pole kwa dada yako, mdogo wangu, na mpe salamu zangu.

Huharibikia kwenye kondo la nyuma, na mapema sana. Ukuta wa mji wa mimba una mishipa midogo iliyojipinda, yenye misuli migumu. Kuanzia miezi mitatu ya kwanza hadi karibu wiki ya 20, seli za kondo huingia kwenye ukuta huo na kuijenga upya mishipa hiyo. Zinatumia vimeng'enya vya kukata, hasa vile viitwavyo MMP-2 na MMP-9, vinavyomega kolajeni na elastini inayoubana mshipa. Kuna kingine kinaitwa korini. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na korini kwenye mji wa mimba hawaijengi upya hiyo mishipa inavyotakiwa, kisha wanapata presha na protini kwenye mkojo, na kwa akina mama wenye presha ya mimba wakakuta korini imepungua kwenye mji wa mimba.

Kazi ikikamilika, mdomo wa mshipa unakuwa mpana na mlegevu, hauwezi tena kujibana. Wewe wa Ahero utanielewa haraka: shamba la mpunga linataka mfereji mpana unaoleta maji mengi taratibu, ukiyaleta kwa bomba jembamba lenye nguvu utachimba udongo na kung'oa miche. Kondo liko hivyo hivyo. Linataka damu nyingi yenye mwendo wa pole. Karibu na kujifungua, mishipa ya mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika.

Seli zikiingia juujuu tu, mishipa inabaki myembamba. Damu inafika kwa kasi na kwa kukatikakatika, leo oksijeni ipo, punde haipo. Kondo linaumia, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini inayoitwa sFlt-1. Kikosi cha Ananth Karumanchi huko Boston ndicho kilichotoa ushahidi mkubwa wa jambo hili mwaka 2003. Hiyo sFlt-1 inazishika protini nyingine, VEGF na PlGF, na hizo mbili ndizo huulea utando wa mishipa na kuichochea eNOS. Zikishikwa, eNOS inapungukiwa na kichocheo, naitriki oksaidi inapungua, mishipa ya mwili mzima inabana. Mafigo yanavujisha protini, ini linaumia, ubongo unavimba. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia kwenye kondo unaonekana kichwani, machoni na juu ya tumbo upande wa kulia.

Kuhusu vijiti vya mkojo: mama ana haki ya kuuliza. Kile kiraka cha njano kikigeuka kijani, protini ipo. Vikikosekana kituoni, omba uandikiwe upimwe kwingine siku hiyo hiyo.

Mwalimu_Bio_Kakamega

Sista ameeleza vizuri mno, niongeze kidogo upande wa kemia kwa sababu nafundisha kidato cha nne na wanafunzi huniuliza.

Arginini ikiingia kwenye seli za mshipa, eNOS haiko peke yake kuingoja. Kipo kimeng'enya kingine, ajinasi, kinachoivunja arginini hiyo hiyo kuwa yuria na onithini. Katika presha ya mimba ajinasi huwa juu, kwa hiyo eNOS inabaki na malighafi haba. Juu ya hayo, mwili una kizuizi chake wenyewe kiitwacho ADMA, ambacho hukaa mahali pa arginini na kuifungia eNOS. Kwa kawaida ADMA inavunjwa na kimeng'enya kiitwacho DDAH. Kwa akina mama wengi wenye presha ya mimba ADMA inakutwa imepanda.

Na hapa ndipo pananishtua kila nikifundisha. eNOS ikikosa arginini, au ikikosa msaidizi wake aitwaye BH4, haikai kimya. Inaendelea kuchukua oksijeni, lakini badala ya naitriki oksaidi inatoa supaoksaidi, kemikali yenye kuunguza. Supaoksaidi ikikutana na ile naitriki oksaidi chache iliyobaki inaigeuza kuwa peroksinaitraiti, ambayo huharibu zaidi, hata BH4 yenyewe. Kimeng'enya kilekile kilichokuwa kinamlinda mama kinaanza kumuumiza. Watafiti wakimpa panya mjamzito L-NAME, kemikali inayofungia utengenezaji wa naitriki oksaidi, anapata presha, protini kwenye mkojo, na watoto wadogo kwa uzito. Hilo limerudiwa maabara nyingi.

Baba_Mapacha_Naks

Wakubwa, niko Nakuru, mke wangu ana mapacha, wiki ya 33. Juzi amepimwa damu, karatasi ninayo mkononi. Imeandikwa hivi: ALP 231, mbele yake herufi H imekolezwa wino. ALT 19, AST 22, chembe sahani 214,000. Presha 118 kwa 74. Mtu wa hapa mtaani ameniambia ini linakufa kwa sababu ya hiyo ALP. Sijalala. Nisaidieni.

Tek_wa_Maabara

Ndugu, lala. Nafanya kazi maabara, hiyo karatasi naiona kila siku.

ALP ni kimeng'enya kinachotoka kwenye ini na mifupa, lakini pia kondo la nyuma linakitengeneza. Kuanzia miezi mitatu ya mwisho hupanda, hata mara mbili ya kawaida, na kwa mapacha si ajabu ipande zaidi. Mashine yetu inaweka H kwa kulinganisha na watu wasio na mimba. Haijui mkeo ana mapacha.

Unavyotakiwa kuviangalia ni ALT na AST, vimeng'enya vya ini. Hivyo mimba salama haivipandishi. Vikipanda mara mbili ya kiwango cha juu, chembe sahani zikashuka chini ya 100,000, na kimeng'enya LDH kikaruka kwa sababu chembe nyekundu zinapasuka, hapo ndipo tunapiga simu wodini bila kungoja karatasi ichapwe. Hali hiyo inaitwa HELLP na inaweza kuja presha ikiwa haijapanda sana. Ya mkeo, ALT, AST na chembe sahani ziko sawa; LDH haimo kwenye uliyotuandikia.

Baba_Mapacha_Naks

Mungu akubariki ndugu yangu. Nimemsomea mke wangu, tumepumua. Swali lingine: shemeji yake yuko Siaya, kila mwezi kliniki anapewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Wangu hajapewa hata mara moja. Tumesahauliwa?

Mkunga_wa_Ziwa

Hamjasahauliwa, baba. Kenya vidonge hivyo hutolewa kliniki kwenye kaunti za ziwa na za pwani, kule malaria ilikokita mizizi. Nakuru haimo. Akisafiri kuja huku mwambie alale ndani ya neti kila usiku, na homa yoyote ipimwe.

Lakini mapacha tu yanamweka kwenye kundi la hatari kubwa ya presha ya mimba. Alianzishiwa aspirini ndogo?

Baba_Mapacha_Naks

Ndiyo, alianza wiki ya 14, daktari alisisitiza. Anameza usiku.

Mama_Tabitha_Nyalenda

Hapo kwenye aspirini ndipo nilikuwa nangoja. Mimba ya kwanza nilipata presha mbaya, mtoto hakuishi. Sasa nina wiki 13. Daktari amenipa aspirini ya 75, nikaenda duka la dawa, dada wa pale akaniambia aspirini inachuruzisha damu na kutoa mimba, nisithubutu. Kidonge kiko kwenye mkoba, sijakimeza. Nifanyeje sista? Naogopa kumpoteza na huyu.

Mkunga_wa_Ziwa

Mama Tabitha, pole sana kwa mtoto wako. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hili linawagusa wengi.

Rudi pale nilipotaja COX. Katika presha ya mimba mizani imeinama: thromboksani ni nyingi, prostasaiklini ni chache. Damu inataka kuganda ndani ya mishipa ya kondo na mishipa yenyewe imebana. Aspirini inakifunga kimeng'enya COX moja kwa moja, hakifunguki tena. Sasa angalia uzuri wake ulipo. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo COX yake ikifungwa haiwezi kutengeneza nyingine. Inabaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Seli za utando wa mshipa zina kiini, zinatengeneza COX mpya kila siku. Dozi ikiwa ndogo, thromboksani inashuka na prostasaiklini inabaki karibu ilivyokuwa. Mizani inarudi. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa kemikali za jamii hii, naye akawa mmoja wa waliopata Nobel mwaka 1982.

Na je, inasaidia watu au ni hadithi ya maabara? Mwaka 2017 utafiti uitwao ASPRE ulichukua wanawake 1,776 waliopimwa na kuonekana wana hatari kubwa. Nusu walipewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, mpaka wiki ya 36, nusu wakapewa kidonge kitupu. Presha ya mimba inayomlazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37 iliwapata asilimia 4.3 ya waliopewa kidonge kitupu, na asilimia 1.6 tu ya waliopewa aspirini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kila siku kwa walio kwenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki ya 20. Wengi tunapendelea kabla ya wiki ya 16, na unaona sababu: seli za kondo bado ziko kazini kwenye ukuta. Ukianza wiki ya 30 mishipa imeshabaki ilivyobaki.

Yule dada wa duka la dawa hakuwa na nia mbaya. Anachochanganya ni dozi. Dozi kubwa za aspirini, pamoja na ibuprofeni na diklofenaki, nazo zinagonga kimeng'enya hicho hicho, lakini kwa nguvu na kwa mtoto pia. Kuanzia wiki ya 20 ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kudhuru mafigo ya mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Hizo ndizo za kukataa dukani. Ukiwa na maumivu, uliza parasetamoli.

Wasiofaa kutumia aspirini wapo: wenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, wenye mzio nayo, wenye pumu inayochochewa nayo. Kama wewe si mmoja wao na daktari ameshakuandikia, meza leo usiku. Na ukipata tone lolote la damu, njoo siku hiyo hiyo, iwe umemeza au hukumeza.

Mama_Tabitha_Nyalenda

Sina vidonda wala pumu. Nimeelewa kwa mara ya kwanza tangu nimzike mtoto wangu. Nameza leo.

Achieng_mkaanga_omena

Mimi sina elimu ya haya mambo lakini nauliza ya chakula. Nasikia kalsiamu inazuia presha. Je, omena inatosha? Na odowa, ule udongo tunaotafuna? Nina mimba ya miezi minne na kusema kweli siwezi kupita soko la Kibuye bila kununua odowa, harufu yake inaniita.

Mkunga_wa_Ziwa

Dada Achieng, swali lako lina uzito kuliko unavyodhani.

Kalsiamu ikiwa haba mwilini, homoni zinazoitafuta hupanda, misuli ya mshipa nayo inajaza kalsiamu ndani yake na kubana. Kwa maeneo ambayo watu hawapati kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku katika mimba. Ni vidonge vikubwa, vingi, na akina mama wanavichoka. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika India na jirani zetu Tanzania, wanawake 11,000 kila nchi, ukaonyesha kwamba miligramu 500 hazikuwa dhaifu kuliko 1,500 katika kuzuia presha ya mimba. Kwangu hiyo ni habari kubwa, kidonge kimoja mtu atakimeza. Fuata dozi ya kliniki yako, na usikimeze pamoja na vidonge vya damu. Kalsiamu huzuia madini ya chuma kuingia, kwa hiyo achanisha kwa saa kadhaa.

Omena ni nzuri sana kwa sababu tunaila na mifupa yake. Kula, ongeza maziwa. Haichukui nafasi ya kidonge ikiwa umeandikiwa.

Odowa naomba uipunguze mpaka uiache. Najua tamaa yake, nusu ya akina mama wanaokuja kwangu wanayo mkobani. Lakini udongo ule huzuia chuma kisiingie mwilini, na unaweza kubeba madini mazito kama risasi, na mayai ya minyoo. Mara nyingi tamaa yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua. Mwambie mkunga wako akupime damu, tatizo likitibiwa wengi huiacha wenyewe.

Mwalimu_Bio_Kakamega

Kwa kuwa malaria imetajwa, niunganishe na arginini, maana sisi wa magharibi hatuwezi kuzungumzia kondo bila malaria. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Vina ajinasi yao wenyewe, na chembe nyekundu zikipasuka hutoa ajinasi nyingine, kwa hiyo arginini ya mama inaliwa pande mbili. Himoglobini iliyomwagika nayo inazoa naitriki oksaidi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliotumia panya wenye malaria katika mimba pamoja na damu ya wajawazito wa Malawi. Panya walioongezewa arginini walikuwa na mishipa bora kwenye kondo na watoto wenye uzito zaidi. Kwa hiyo neti na SP vinalinda hata mishipa. Sista anisahihishe: anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya HIV hapewi SP, sivyo?

Mkunga_wa_Ziwa

Ndivyo, mwalimu, uko sawa, hazichanganywi kabisa. Dawa hizo ni za jamii moja, zikikutana madhara huzidi. Kotrimoksazoli yenyewe inamkinga.

Kijana_Maseno

Mwalimu, kama ni arginini, si tuwauzie akina mama unga wa arginini wa gym? Na vitamini C na E za kuzima hiyo supaoksaidi? Tena nimesoma kuwa sildenafili huzuia kimeng'enya kinachovunja kazi ya naitriki oksaidi. Kwa mantiki hiyo ingefaa.

Mwalimu_Bio_Kakamega

Kijana, mantiki yako ni ile ile ya watafiti, na ndiyo maana walijaribu. Arginini ikichanganywa na vitamini kwenye chakula maalumu ilijaribiwa Mexico, matokeo ya 2011 yalionyesha presha ya mimba imepungua kwa wenye hatari kubwa. Inatia moyo, bado haijawa matibabu ya kawaida, na unga wa gym haukutengenezwa kwa wajawazito. Vitamini C na E peke yake zilijaribiwa Uingereza kwa dozi kubwa, mwaka 2006 ikaonekana hazizuii.

Sildenafili ndiyo inayoniuma. Ilijaribiwa kwa watoto waliodumaa tumboni. Uholanzi walilazimika kuusimamisha utafiti mwaka 2018 baada ya watoto kadhaa wachanga kupata matatizo ya mapafu na wengine kufariki. Kimeng'enya kimoja kinakaa kwenye mishipa ya mama na ya mtoto pia. Ukikigusa huku umekigusa na kule. Tafadhali mtu asinunue chochote cha namna hiyo kwa sababu amesoma uzi huu.

Nyar_Ahero

Dada yangu anasoma hapa pembeni yangu. Anauliza la kwake. Baada ya kujifungua alikuwa na presha 150 kwa 100, wakampa enalapril wakati ananyonyesha. Sasa jirani amemwambia enalapril ni sumu kwa watoto. Je, alimdhuru mtoto? Na akitaka mimba nyingine?

Mkunga_wa_Ziwa

Mwambie hakumdhuru. Enalapril inakifunga ACE. Mtoto akiwa tumboni anakihitaji ACE ili mafigo yake yakue na kutoa mkojo unaojaza maji ya uzazi, kwa hiyo mjamzito hapewi enalapril wala losartan. Yeyote anayetumia dawa hizo kwa presha ya zamani na anapanga mimba, au ameona siku zake zimepita, aende abadilishiwe haraka: kuna methyldopa, nifedipini na labetalol. Asiache tu ghafla akabaki bila dawa. Baada ya kujifungua mambo hubadilika, enalapril inapita kidogo sana kwenye maziwa na inaruhusiwa. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati huwa tunawafuatilia kwa karibu zaidi. Mwongozo wa NICE wa Uingereza unapendelea nifedipini au amlodipini kwa akina mama wenye asili ya Afrika baada ya kujifungua, na mimi naona hizo zinatushika vizuri zaidi hapa.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: kondo likitoka, kazi haijaisha siku hiyo. Presha mara nyingi hupanda kati ya siku ya 3 na ya 6, mama akiwa ameshapelekwa nyumbani. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu kulia, kupumua kwa shida: mpeleke usiku huo huo. Hospitalini kuna magnisiamu salfeti. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Haifanyi kazi akiwa sebuleni.

Na anapopimwa presha, akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono usawa wa moyo, asiongee. Nimeona wanaopimwa wakiwa wamefika mbio kutoka kwa boda, na nimeona wa presha ya kweli wakiambiwa "ni uchovu, rudi mwezi ujao".

Mimba nyingine anaweza kuibeba. Kabla hajashika, apime presha, mafigo na sukari. Akishika, aende kliniki mara tu akijua, aseme kwa kinywa chake kwamba alijifungua wiki ya 31 kwa sababu ya presha, na aulizie aspirini kabla ya wiki ya 16. Kijitabu cha kliniki cha mtoto huyu akitunze, akibebe siku hiyo. Na hata asipotaka mimba tena, apime presha kila mwaka, kwa sababu aliyepata presha ya mimba ana hatari karibu mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi mbele ya safari.

Nyar_Ahero

Kijitabu amekipata, kilikuwa kwenye sanduku la nguo za mtoto. Presha zote zimeandikwa, kuanzia wiki ya 24 zilikuwa zinapanda. Kesho tunakwenda naye apimwe.